Nguo ya raksi inapokataa mwili: soma dalili kabla ya kushika mkasi

"Fundi, nipunguzie mbavuni, nguo inanivuka." Hivyo ndivyo alivyoniambia msichana mmoja anayecheza raksi, ile ngoma ya Kiarabu ya kuzungusha nyonga na tumbo, katika hoteli za Kiwengwa, Zanzibar, nguo yake kaifunga ndani ya kanga na kuipakata kama mtoto mchanga. Ilikuwa ya rangi ya feruzi, imetoka Cairo: sidiria, mkanda wa nyonga na sketi, vyote vimejaa shanga. Nikamvika, nikamwambia, "Haya mwanangu, cheza nikuone." Aliona haya kidogo, kisha akacheza. Mbavuni hapakuwa na neno. Kulabu za mgongoni ndizo zilizochoka, zimepanuka midomo, na kila alipoinua mikono mkanda wa nyuma ulipanda kuelekea mabegani. Ningemsikiliza nikapunguza mbavuni, vikombe vya sidiria vingevutwa kwenda kwapani na nguo ya fedha nyingi ingeharibika kwa ajili ya kulabu mbili.

Katika nguo ya shanga, mahali panapoonekana kosa mara nyingi sipo lilipoanzia. Shanga ni kioo, na kioo ni kizito. Nguo iliyojaa shanga na matamvua hufika kilo mbili, hata tatu. Uzito huo unavuta kutoka sehemu moja na kujionyesha pengine. Mkanda ukilegea, utaona sketi inaburuta. Bega likinyooka, utadhani kifua ni kikubwa. Kwa hiyo nitakwenda dalili kwa dalili, kwa jinsi wateja wanavyozisema, kisha nieleze chanzo na dawa yake. Anayevaa atajua la kumwambia fundi, na fundi ambaye amezoea kushona madera na magauni ya kawaida atajua pa kuanzia.

Jambo la kwanza, dalili zote zisomwe nguo ikiwa mwilini na mwili ukiwa unacheza. Kioo cha ukutani hakitoshi. Mteja avae sidiria na nguo ya ndani atakayovaa siku yenyewe, viatu kama atavaa viatu, kisha acheze dakika tano: ainue mikono, ainame, azungushe nyonga, atikise haraka, akae kitini na kuinuka. Na acheze ngoma ileile atakayoichezea. Wimbo wa taarab wa fidla na kanuni unatikisa nguo polepole. Dumbaki likishika kasi, nguo hiyohiyo inaonyesha tabia nyingine kabisa. Chaki haiandiki juu ya shanga, kwa hiyo alama zangu naziweka kwa uzi wa rangi upande wa ndani, kwenye bitana. Nikimaliza, ndipo ninaigeuza nguo ndani nje na kuitazama mgongo wake. Huko ndiko iliko habari.

Na mpangilio usigeuzwe: sidiria kwanza, kisha mkanda wa nyonga, upindo wa sketi mwisho. Sketi inaning'inia kwenye mkanda. Ukikata upindo leo na kesho ukapandisha mkanda vidole viwili, umeshamfupishia mteja sketi.

"Vikombe vinaacha uwazi juu nikiinama"

Wengi hudhani vikombe ni vikubwa. Huenda ni kweli, lakini anza na mkanda unaozunguka chini ya kifua. Huo ndio unaobeba kazi. Kamba za begani zinasaidia tu. Mtazame kwa ubavuni. Kama mkanda umepanda mgongoni na kushuka mbele, umelegea, na vikombe vimeinama kama bakuli lililoegemezwa vibaya. Ingiza vidole viwili chini ya mkanda mgongoni: viingie kwa kubanwa kidogo. Ngumi ikiingia, kosa limeshaonekana.

Sidiria za raksi hujengwa juu ya vikombe vigumu na mkanda usionyooka, yaani usiovutika, tofauti na sidiria ya kila siku yenye mpira mgongoni. Pima chini ya kifua futikamba ikiwa imekaza na mteja ametoa pumzi. Mkanda ukifungwa uwe sawa na kipimo hicho. Upunguze kwa kusogeza kulabu na vitanzi pande zote mbili kwa kiasi sawa. Ukipunguza sentimeta nne zote upande mmoja, kitovu cha sidiria kitahama na vikombe vitakaa upande.

Sasa, mchezaji anahema. Mkanda usionyooka kabisa ukikazwa sana unamkata mbavu, na atakuja kukulaumu kwa haki. Dawa yangu ni kutia kipande cha mpira mpana, urefu wa sentimeta nne au tano, mgongoni karibu na kulabu, kisha kukifunika kwa ulimi wa kitambaa chenye shanga ulioshonwa upande mmoja tu. Mpira unavuta na kurudi, shanga hazihisi kitu. Kulabu nazo ziwe kubwa, zile za makoti, si zile ndogo za blauzi, na ziwe safu mbili. Mshono wa kila kulabu upite kwenye bitana na kwenye kitambaa cha msingi pia. Ukishika bitana peke yake, siku moja bitana itachanika jukwaani.

Mkanda ukiwa sawa na uwazi bado upo, hapo ndipo vikombe ni vikubwa kweli. Usivibane kwa kuvikunja, kwa sababu kikombe kigumu kikikunjwa kinatoa pembe inayoonekana hata kwa taa hafifu. Shona mfuko mdogo wa pamba ndani ya kila kikombe, wazi upande wa kwapa, utie sifongo ya kutosha. Mfuko una faida kuliko kushona sifongo moja kwa moja: inatolewa, inakaushwa, na siku mwili ukiongezeka inapunguzwa.

Kinyume chake, kifua kikimwagika juu ya ukingo, hakuna njia ya mkato. Kikombe hakipanuki. Unaweza kuinua ukingo kwa kuongeza ukanda wa kitambaa chenye shanga juu yake, ukiuunga na mchoro uliopo. Nguo nyingi za Cairo na Istanbul huja na kipande cha ziada cha kitambaa, glavu au vikuku vya mkononi vilivyotarizwa vilevile. Ndivyo ninavyovikata kwa kazi hii, kwa ridhaa ya mwenyewe. Pasipo hivyo, mwambie mteja ukweli mapema.

Kamba zikikata mabega, mara nyingi ni mkanda uleule wa chini ndio haubebi. Ukishaukaza na bado zinakata, zipanue, au, kama sidiria ni nyepesi, zipitishe shingoni kwa nyuma badala ya kuzishusha wima. Lakini kamba za kufunga shingoni zisibebe sidiria nzito. Shingo inauma kabla ya wimbo wa pili kwisha. Na kamba isiwe ya mpira. Kamba ya mpira na shanga nzito zikikutana, kila mtikiso unakuwa mruko.

"Mkanda unapanda kiunoni"

Hili ndilo linaloleta watu wengi kwangu, na ndilo linalotibiwa vibaya zaidi. Mkanda wa raksi hukaa juu ya nyonga, chini ya kitovu. Anapocheza unapanda taratibu, na mwisho wa wimbo uko kiunoni, umejikunja juu kama mdomo. Wanakuja kusema umelegea, ukazwe. Ukiukaza, unapanda haraka zaidi.

Chanzo ni umbo. Nyonga ya mwanamke si mrija. Inapanuka kwenda chini. Mkanda ulionyooka kama rula unatafuta mahali pembamba pa kukaa, napo ni juu. Pima nyonga mahali ukingo wa juu wa mkanda utakapokaa, halafu pima tena mahali ukingo wa chini utakapokaa. Tuseme umepata 92 na 100. Tofauti ya sentimeta nane lazima iwemo kwenye mkanda, la sivyo hautatulia hata ukifungwa kwa kamba ya jahazi.

Shanga hazikuruhusu kukata upya, kwa hiyo umbo linatengenezwa kwa vibano kwenye ukingo wa juu: ukingo unabanwa, ukingo wa chini unaachwa. Kwa mfano wetu natengeneza vibano vinne vya sentimeta mbili, viwili juu ya kila nyonga, karibu na ubavu ambako macho hayaendi. Kila kibano kianze kwa upana juu na kumalizika kwa ncha chini. Toa shanga za hapo kwanza, shona kwa mkono, kisha urudishe shanga juu ya mshono. Mkanda ukimaliza kazi hiyo na kulazwa mezani hautakaa bapa tena. Unapinda kama kisahani. Hiyo ndiyo dalili kuwa umefanikiwa.

"Mkanda unashuka"

Hapa kweli unaweza kuwa mkubwa, lakini gusa bitana kabla hujapunguza. Kama ni satini, inateleza kwenye ngozi yenye jasho. Na kama mvaaji ni biharusi aliyesuguliwa singo na liwa, akapakwa na mafuta juu yake, hata mkanda uliopimwa vizuri utateleza. Mimi natoa satini na kuweka marekani, ile ile ya kitambaa cha pamba kisichopaushwa wala kutiwa rangi, iliyofuliwa mara mbili ili imalize kupungua. Inashika mwili, inanyonya jasho, inastahimili mshono wa kulabu. Kanga kuukuu iliyolainika inafaa vilevile, ila isiwe ya kutoa rangi.

Chanzo kingine ni sketi kuning'inizwa kwenye mkanda bila kitu cha kuibeba. Tia sketi mkanda wake wa mpira, uvaliwe wenyewe kwanza, na mkanda wa shanga ukae juu yake, ukishikwa na kulabu chache. Uzito unagawanyika sehemu mbili. Pini za usalama ni nzuri kama ulinzi wa ziada, na mchezaji makini huziweka kila mara, lakini zishike kwenye nguo ya ndani na bitana, zisipite kwenye neti iliyobeba shanga, maana inachanika kwa tundu la pini moja.

"Gauni limerefuka"

Gauni zima la raksi, lile linaloshuka kutoka begani hadi miguuni, mara nyingi ni la laikra, na laikra inanyooka. Shanga zinaivuta usiku na mchana ikiwa imetundikwa. Nilipokuwa mgeni wa kazi hizi nilitundika gauni la biharusi kwenye msumari usiku kucha, nikiwa nimeshamaliza upindo wake. Asubuhi lilikuwa limeshuka vidole vitatu, na upande mmoja zaidi ya mwingine. Nilifumua upindo wote huku wapambaji wananisubiri nje.

Gauni la shanga lilazwe. Likunjwe mara chache, katikati ya mikunjo pawekwe kitambaa cha pamba, likae kwenye sanduku au rafu pana.

Kama limesharefuka, tazama bega kwanza. Mshono wa bega ukiwa umelegea, fumua, shona upya pamoja na utepe wa pamba usionyooka, na utaona kifua kinarudi mahali pake bila kukigusa. Kisha tia mkanda wa ndani kiunoni: utepe mgumu wa upana wa sentimeta mbili na nusu, ulioshikizwa kwenye mishono ya ubavu na mgongo tu, unaofungwa kwa kulabu kabla ya zipu kupandishwa. Mkanda huu unakaa mwilini na kubeba sketi yote ya chini, mabega yanapumzika. Ni kazi ya saa moja tu. Nashangaa magauni mengi ya bei kubwa yanakuja bila mkanda huu.

Upindo upimwe baada ya hayo, mvaaji akiwa amesimama na nguo nusu saa nzima. Kwa anayecheza miguu mitupu, acha sentimeta tatu kutoka sakafuni; kwa mwenye viatu, pima na viatu hivyohivyo. Kwenye mchanga wa Nungwi miguu inazama, basi ongeza kidogo.

Mikunjo

Mikunjo ya kulala inayopita nyongani kutoka upande mmoja hadi mwingine ina maana nguo imebana hapo na inataka kupanda. Mikunjo inayoshuka kwa mshazari kutoka kifuani hadi kiunoni ni kifua kinachoomba nafasi. Mkunjo wa kulala mgongoni juu ya makalio unasema mgongo wa nguo ni mrefu kuliko mgongo wa mtu, na hapo unabana kwenye mshono wa kiuno, si ubavuni. Mikunjo ya wima ndiyo pekee inayosema nguo ni pana.

Kupunguza na kuongeza panapojaa shanga

Fundi asipitishe cherehani juu ya shanga. Sindano ikigonga kioo inavunjika, kipande kinaruka, na macho ndiyo yaliyo karibu. Lakini hata ikipona, ushanga uliobanwa ndani ya mshono ni wembe: unakata uzi wa mshono kidogo kidogo, na mshono unafunguka wiki mbili baadaye bila sababu inayoonekana.

Weka alama ya mshono mpya kwa bandi. Toa shanga sentimeta moja na nusu kila upande wa alama. Njia ya polepole ni kukata uzi kwa nyuma, kutoa shanga na kufunga uzi uliobaki pande zote mbili. Njia ya haraka, kwa shanga zitakazozama ndani ya mshono na hazitahitajika, ni kuzivunja kwa koleo ili uzi wenyewe ubaki mzima. Funika koleo na kitambaa, vaa miwani, na fanya kazi juu ya karatasi nyeupe ili usiache vioo kwenye mkeka ambao mtoto atakalia. Mimi hupenda ile ya polepole, kwa sababu shanga zilizotoka ndizo pekee zenye rangi sawasawa na nguo. Madukani Mchangani au Darajani utapata feruzi, lakini si feruzi hiyo. Zihifadhi kwenye kikopo, andika juu yake nguo ya nani.

Mshono ushonwe kwa mkono, sindano ikirudi nyuma kila hatua, uzi wa poliesta maradufu. Wanawake wanaoshona kofia za vitobo wana mkono wa kazi hii. Mshono wao ni mdogo, sawa, haukimbii. Nimewapa wawili watatu kazi ya kurudisha shanga na hawajaniangusha. Shanga zikirudishwa zivuke mshono kutoka upande huu hadi ule, zisikae pembeni mwake kwa mstari. Jicho linafuata mstari, likikosa mstari halioni mshono.

Kuongeza ni kugumu kwa sababu nguo za kununua zina ziada ndogo ndani, mara nyingine hakuna kabisa. Usijaribu kuinyoosha. Weka kikwapa kirefu, kama kile cha kanzu, kutoka kwapani kushuka ubavuni, cha kitambaa cha sketi yenyewe kilichokatwa ndani ya upindo. Mkono ukishuka kinajificha. Ukiinuka kinaonekana kama kimekusudiwa, hasa ukikitia michirizi michache ya shanga.

"Nilivuta uzi mmoja, shanga zikamwagika"

Geuza nguo. Kama mgongoni unaona mnyororo wa vitanzi vidogo vinavyoshikana kimoja kwa kingine, shanga zimetarizwa kwa ndoana, kitambaa kikiwa kimewambwa kwenye fremu. Ni kazi ya haraka na nzuri, nguo nyingi za biashara hufanywa hivyo, lakini mnyororo una udhaifu wake: ukikatika mwisho mmoja na uzi ukavutwa, unafumuka wote kama mfuko wa mchele wenye mshono wa kamba. Kama mgongoni ni vistari vilivyokatika, ni sindano ya kawaida, na hasara itaishia kwenye shanga chache.

Kwa mnyororo, usikate uzi unaoning'inia. Ukiukata umefungua mlango. Uvute taratibu nyuma kwa sindano, uupitishe ndani ya kitanzi cha mwisho kilicho kizima, kaza, kisha funga fundo na ushone juu yake mara tatu kwa uzi mpya. Nguo ikija kwangu mara ya kwanza, hata kama haina neno, napitia mistari mirefu ya mnyororo nikiweka mafundo ya kuzuia kila baada ya kiganja kimoja. Siku ikikatika, ikome hapo.

Uzi wa kurudishia uwe wa nailoni, upitishwe kwenye nta. Sindano iwe nyembamba na ndefu, namba 10 au nyembamba zaidi, yaani ya namba kubwa zaidi. Shanga nazo zina namba zake, na namba inakwenda kinyume vilevile: namba 11 ni kama milimeta mbili, namba 15 ni ndogo zaidi, namba 8 ni kubwa. Muulize muuzaji kwa namba, kisha upeleke na sampuli.

Matamvua yanakatika

Karibu kila mara mkosaji ni shanga za mirija, zile ndefu. Midomo yake ni kioo kilichokatwa na ni mikali, na matamvua yanatikiswa maelfu ya mara, kwa hiyo mdomo unasaga uzi. Tungia ushanga mdogo wa mviringo kabla na baada ya kila mrija, ndio uguse uzi, si mdomo wa mrija. Tamvua lililokatika usiliunge katikati. Litoe lote, tungia jipya kutoka juu, na ukifika chini uzi uzunguke ushanga wa mwisho na kurudi juu ndani ya shanga zilezile. Liache likiwa huru kidogo. Tamvua lililokazwa linasimama kama ufagio na halichezi.

Kama yanakatika mahali pamoja tu, mbele ya paja au chini ya mkono, tafuta linalogusana nayo: bangili, kucha, bizimu ya mkanda.

Neti ya tumboni inatoa mapovu

Misri mchezaji hutakiwa afunike tumbo, ndiyo maana nguo nyingi za huko huja na neti ya rangi ya ngozi inayounga sidiria na mkanda. Huku kwetu hotelini wapo wanaoitoa na wapo wanaoiongeza, na kwa sherehe za wanawake peke yao kila mtu na uamuzi wake. Neti ikitoa mapovu, imekatwa kwa mtu mrefu zaidi. Ibandue kwenye mkanda tu, mvike mteja, mwambie apinde mgongo nyuma kadiri anavyopinda akicheza, ishike kwa pini hapo, ndipo ushone. Ukiipima akiwa amesimama wima, itachanika wimbo wa kwanza. Na rangi: neti iliyotengenezwa kwa ngozi ya mtu mwingine inaonekana kama bandeji. Itie rangi kwa chai ya rangi iliyochemshwa nzito, ikiwa ni ya nailoni inashika vizuri. Ijaribu kwanza kwenye kipande.

Mpasuo wa sketi unaofunguka kupita kiasi ni jambo dogo: kulabu moja ya ndani pale juu, na kaptula ya rangi ya sketi.

Nguo ya vipande viwili ilikulia kwenye kumbi za Cairo, kama ule alioufungua mchezaji Badia Masabni mwaka 1926, ambako mchezaji alionekana kutoka mbali chini ya taa. Ufukweni Kiwengwa mgeni amekaa hatua tatu kutoka kwako na sahani yake ya pweza. Uzi mweupe kwenye nguo ya feruzi atauona. Kwa hiyo kazi ya kurekebisha huku inataka usafi kuliko hata ya jukwaa kubwa.

Harufu, madoa na unyevu

Wakati wa masika nguo inaweza kuota ukungu kabatini ndani ya siku chache, na shanga zenye fedha ndani hupoteza mng'aro. Usiifungie kwenye mfuko wa plastiki. Baada ya kucheza igeuze, ilaze kivulini penye upepo mpaka bitana ikauke kabisa. Harufu inatolewa kwa kunyunyizia bitana spiriti ya kusafishia vidonda iliyozimuliwa kwa maji, kidogo, baada ya kuijaribu mahali palipojificha. Isifike kwenye vito vilivyobandikwa kwa gundi. Usiitie kwenye maji, usiipige pasi: puluki zinajikunja kwa joto na hazirudi.

Najua tunapenda nguo inukie udi. Fukiza chumba na nywele, nguo ya shanga usiitandaze juu ya chetezo. Cheche moja inatoboa neti, na moshi unaacha umanjano kwenye shanga nyeupe. Marashi yapakwe kabla ya kuvaa, yakauke. Karafuu kabatini ni nzuri, ila ziwe kwenye kifuko cha kitambaa, kwa kuwa mafuta yake yanaacha doa.

Dakika kumi kabla ya kutoka

Mfuko wa mchezaji uwe na sindano mbili zilizokwishatungwa uzi, pini za usalama kubwa na ndogo, kulabu za akiba, mkasi mdogo na kikopo chenye kifuniko. Kulabu ikikatika, usipoteze muda kuishona vizuri: shona mkanda wenyewe mwilini, hatua kubwa sita za uzi maradufu, utakatwa baadaye. Tamvua likikatika, funga fundo chini ya ushanga wa mwisho uliobaki na uliache liwe fupi. Mstari wa mnyororo ukianza kufumuka, bana mwisho wake kwa pini ndogo kutoka ndani.

Na zilizodondoka ziokotwe kabla ngoma haijaanza, sakafu ifagiwe yote mpaka pembeni. Ushanga wa mviringo unateleza chini ya unyayo, na mrija uliovunjika unaingia ndani kabisa. Nimeshautoa kwenye kisigino cha mchezaji kwa sindano yangu ya kazi, huku wenzake wanamshika mguu.